Bustani Isiyotaka Mkono

Mmea wa nne ulimfia Inspekta Kiguu kabla chai yake haijapoa.

"Ala!" alisema, akakisukuma kipanya cha kompyuta kana kwamba ndicho chenye kosa. Kwenye skrini, chipukizi lililokuwa limeinua majani mawili lilijikunja, likanywea, likarudi udongoni. Nyuma yake nyota zilipita polepole kwenye dirisha la chombo cha angani, na muziki laini ukaendelea kumbembeleza mtu asiyetaka kubembelezwa.

"Mchezo wa kupumzisha!" alifoka. "Mimi umenipandisha presha."

Mchoraji aliyesimama nyuma ya kiti chake alijikaza asicheke. Alikuwa bwana mnene mwenye vidole vyembamba, na wenzake walimwita Bwana Majani, kwa kuwa kazi yake kutwa ilikuwa kuchora majani.

"Mimea nayo inawajua polisi, afande," alisema. "Imeogopa."

"Nimeumwagilia?"

"Umeumwagilia."

"Nimeugeuzia taa?"

"Umeugeuzia."

"Sasa unakufa kwa nini?"

"Ndiyo hata mimi sielewi. Unafanya sawasawa kabisa."

Kituoni walimwita Kiguu kwa sababu alikuwa kiguu na njia: mama mtu mzima, mikono haitulii, miguu haitulii, na kiti chake cha ofisini hadi leo kina nailoni ya dukani. Siku hiyo alikaa kwa kukosa jinsi. Saa kumi jioni jalada la kesi lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka, na likishafika huko, kijana aliyekuwa mahabusu asingerudi nyumbani kwao leo wala kesho. Kiguu hakuamini kwamba kijana yule ana hatia. Tatizo ni kwamba kutoamini si ushahidi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Watu watatu walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta katika nyumba ya kupanga. Wa kwanza ni mwenye kampuni, aliyeubuni mchezo, ambaye wote walimwita Dada. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, tumbo moja, aliyeandika programu. Huyo aliitwa Fundi. Wa tatu ni Bwana Majani. Mchezo wao ulikuwa Kitalu cha Mbali. Mchezaji anakabidhiwa chombo cha angani kilichotelekezwa, anapanga mbegu ipi aipande chumba kipi ili hewa itoshe na maji yasipungue. Hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna anayekufukuza.

Alhamisi mchana mtu alimwaga maji kwenye seva, mashine kubwa iliyohifadhi kazi yote, na hakuisahau diski ya akiba iliyokuwa kwenye droo. Kazi ya miaka mitatu ikaenda na maji. Kilichobaki ni nakala ya kujaribia kwenye kompyuta moja: unaweza kuicheza, lakini huwezi kuifungua ukaiendeleza, kama usivyoweza kuurudisha mkate ukawa unga.

Kampuni iliyokuwa iuze mchezo ndiyo iliyoita polisi. Kopo la kumwagilia maua lilikutwa na alama za vidole za Fundi. Shati lake lilikuwa limelowa. Wiki nzima alikuwa akigombana na dada yake, mpaka majirani wanajua. Alipoulizwa akasema hana la kusema. Koplo akamweka mahabusu, akafunga kalamu yake, akaona kazi imekwisha.

"Hebu niachie mimi," Bwana Majani alisema. Aliinama, akashika kipanya, akapanda mbegu. Akaimwagilia kwa ustadi, akaigeuzia taa, akaipunguzia maji. Chipukizi lilichungulia, likajikunja, likazama.

"Loo!" alisema.

"Nawe pia ni polisi?"

Bwana Majani alipanda nyingine, ikawa yale yale. Kiguu alimtazama usoni badala ya kutazama skrini. Huyu bwana alikuwa ameshangaa kweli, si mshangao wa kuigiza.

Simu ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Umefikia wapi?"

"Nalima, afande."

"Unafanya nini?"

"Nalima. Angani."

"Kiguu, saa kumi," mkuu alisema, akakata.

Kiguu alibonyeza mbegu ya mwisho kwa hasira, akainuka. "Hiyo iache hapo hapo. Nipeleke kwenye seva."

Seva ilikuwa kabatini, mwisho wa ukumbi mwembamba unaopita nyuma ya vyumba vyote. Juu ya kabati palikuwa na rafu ya vyungu vya maua halisi, ambayo Bwana Majani aliyatazama alipochora. Kiguu alikuwa ameshakuja hapa mara nyingi, na kila mara vyungu vile vilimwasha kama upupu.

"Mimi nilidhani ni ajali," Bwana Majani alisema. "Chungu kimevuja. Dada naye alisema hivyo hivyo, tena kwanza kabisa."

"Lete maji."

Aliletewa jagi. Akamwaga kwenye chungu kilichokuwa juu ya seva, akangoja huku akipiga piga mguu sakafuni. Maji yakazama, yakapita, yakaanza kudondoka chini ya chungu. Kiguu alikinga kiganja, akamwonyesha mwenzake. Yalikuwa ya kahawia, yenye chembe za udongo.

"Mtaalamu wetu wa maabara aliifungua seva," alisema. "Ndani hamkuwa na tope hata la kutia kwenye ukucha. Maji yaliyopita kwenye udongo hayatoki meupe. Na droo iko upande ule, chungu hakiifikii. Kwa hiyo mtu alimwaga. Ajali tuiondoe."

"Basi ni Fundi."

"Mbona una haraka kuliko mimi? Beba hilo boksi."

Palikuwa na boksi la karatasi kando ya ukuta. Bwana Majani aliliinua bila kuuliza, akalikumbatia kifuani.

"Kama hilo boksi linavuja, utalowa wapi?"

Bwana Majani alitazama tumbo lake. "Hapa. Na kifuani."

"Shati la Fundi lilikuwa limelowa kifuani na tumboni. Mikono mikavu. Anayemwaga maji hulowa miguu. Kijana yule aliikumbatia seva ikiwa imejaa maji, akainyanyua, akajaribu kuyatoa. Alikuwa anaokoa."

"Labda alimwaga, kisha akajuta."

"Labda. Lakini mtu akijuta, husema. Huyu ameziba mdomo." Alifuta kiganja kwenye sketi. "Nihadithie tena Alhamisi."

Bwana Majani alivuta pumzi ya mtu aliyechoka kusema jambo moja. Alikuwa mezani pake, chumba cha mbele, na vidude vya muziki masikioni. Fundi alitoka kwenda kununua waya. Dada alikuwa chumba cha kujaribia, kafunga mlango. Bwana Majani alipokwenda kuchemsha chai alipita mlangoni, akasikia muziki wa mchezo.

"Hukugonga?"

"Mtu akijaribia hatumgongei. Ndiyo sheria yetu. Ukimshtua, umeharibu jaribio."

"Endelea."

"Fundi akarudi, akapiga kelele huku nyuma. Mimi nikamkimbilia Dada. Nikamkuta kitini. Na bustani yake imejaa, afande, imekuwa msitu! Huu mchezo ukiuacha, mimea inakauka. Lazima uwepo, umwagilie, ugeuze taa. Kwa hiyo Dada alikuwepo muda wote."

"Koplo ameandika hivyo hivyo," Kiguu alisema. "Bustani imestawi, kwa hiyo alikuwepo."

Walirudi chumba cha kujaribia. Kiguu alitangulia, akaingia, akasimama ghafla mpaka mchoraji akamgonga mgongoni.

Kwenye skrini, mbegu aliyoibonyeza kwa hasira ilikuwa imepanda hadi dirishani. Majani mapana yalikuwa yakipumua taratibu mbele ya nyota.

"Nani ameingia humu?"

"Hakuna mtu, afande. Tupo sisi wawili tu nyumba nzima."

Kiguu alikaa. Akashika kipanya, akaumwagilia ule mmea tone moja. Ukajikunja. Akaachia kipanya, akaikalia mikono yake miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula. Zile dakika zilimchoma. Alitikisa goti, akatazama dari, akahesabu nyufa, akamtukana mtu asiyekuwepo. Mmea ukajikunjua. Ukaongeza jani, kisha jingine.

"Huu mchezo wenu," alisema polepole, "haukauki ukiuacha. Unakauka ukiugusa."

Bwana Majani alikuwa ameshasogeza uso hadi pua inakaribia skrini. Alikuwa akisoma tarakimu ndogo pembeni, chini kabisa. "Hii si nakala tuliyoijaribia Jumatano," alisema. "Kila nakala ina namba yake. Hii ni mpya. Imewekwa Alhamisi asubuhi."

"Na nani?"

"Anayejua kuweka ni mmoja tu."

"Fundi."

"Ndicho walichogombania wiki nzima! Fundi alitaka mimea ikue mchezaji akipumzika. Dada akasema mchezo usiotaka mchezaji ni upuuzi, na asilisikie tena neno hilo. Mimi nilidhani yamekwisha."

"Dada aliambiwa kwamba imebadilishwa?"

"Asingekubali. Angeitoa saa ile ile."

"Nifungulie bustani yake ya Alhamisi."

Ilikuwa imehifadhiwa, kama bustani zote zinavyohifadhiwa. Bwana Majani aliifungua, wote wawili wakainama. Ulikuwa msitu kweli. Mizabibu imezunguka mabomba, kangaga zimefunika sakafu ya chombo, na katikati, penye nafasi, palikuwa na ua moja jekundu. Petali zake zilikuwa zimepinda, moja kubwa kuliko wenzake, kama lililochorwa na mtoto.

"Hili ni lako?"

"Mimi?" Bwana Majani alikasirika waziwazi. "Mimi nichore ovyo hivi? Kila jani humu ndani nalijua. Hilo si langu."

"Bwana Majani. Kama Dada alikaa hapa Alhamisi mchana kutwa akimwagilia na kugeuza taa, leo tungekuta nini?"

Mchoraji alivuta kiti, akakaa kwa kishindo.

"Udongo mtupu," alisema. "Afande, usiseme."

"Sijasema. Umesema wewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, Kiguu aliwaza akiwa ameshafika mlangoni. Mtihani ni kuivua nguo hiyo mbele za watu.

Kituoni, mama yao Dada na Fundi alikuwa kwenye benchi lile lile la tangu Ijumaa, chupa ya chai mapajani, kikombe kimefunikwa kwa leso. Alipomwona Kiguu aliinuka.

"Mwanangu amekula?"

"Hujamwona leo, mama?"

"Nimemwona. Nimempa, amesema hana njaa. Huyu tangu mdogo, akisema hana njaa ana jambo moyoni." Alimshika Kiguu mkono. "Mwanangu, utanipa mtoto wangu leo?"

"Nitakupa, mama," Kiguu alisema. Aliona aibu hapo hapo, kwa kuwa alijua bei ya ahadi ile na mama hakuijua.

Fundi aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu, sweta kubwa kuliko mwili. Alikaa, akaweka mikono mezani.

"Nimeshasema, sina la kusema."

"Nani kakuuliza? Nimekuja kukuhadithia. Leo nimelima." Kiguu hakukaa, alizunguka meza. "Nimepanda mbegu, nikazihudumia kama mboni ya jicho, zikanifia moja baada ya nyingine. Nikaisahau moja, ikaota mpaka dirishani."

Fundi aliinua kichwa.

"Uliweka nakala mpya Alhamisi asubuhi?"

Fundi alivuta mikono ya sweta hadi kwenye vidole.

"Ua lile lililopinda, ni lako?"

"Nani ameliona?"

"Mimi na Bwana Majani. Bwana Majani amelikana mbele ya sheria."

Kidogo Fundi acheke. Kisha uso ukamwanguka. "Dada ameliona?"

"Sidhani. Alhamisi hakuwa na muda wa kutazama maua."

"Basi usimwonyeshe. Tafadhali, afande. Andika unachotaka, mimi nitatia saini."

"Mimi nataka kilichotokea. Kopo ulilikuta wapi?"

Fundi alitazama mlango, akatazama mikono yake. Kiguu alimwacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za siku ile, kumwacha mtu anyamaze bila kumgusa kwa neno.

"Sakafuni," Fundi alisema hatimaye. "Mbele ya kabati."

"Ukafanya nini?"

"Nikalirudisha dirishani, mahali pake."

"Kopo la nani?"

Fundi aligeuza uso ukutani.

"Bwana Majani humwagilia vyungu vyake kwa jagi. Wewe humwagilii kabisa. Kopo la nani, Fundi?"

Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Dada halali usiku, afande. Anakula amesimama. Ukimwambia Dada pumzika, anakuambia kesho. Tunatengeneza mchezo wa kuwapumzisha watu, na mwenyewe unammaliza! Nikasema, mimi hatanisikia, lakini mchezo wake atausikia. Akikaa kuujaribu, utamlazimisha aondoe mikono. Akitulia vya kutosha, ua litatoka."

"Kwa nini ua lile?"

"Nilipokuwa mdogo nilichora ua ukutani sebuleni, kwa mkaa. Ukuta mpya, umetoka kupakwa rangi. Mama alipouliza, Dada akasema ni yeye. Akachapwa yeye." Alijifuta kwa mkono wa sweta. "Safari hii ni zamu yangu."

"Zamu!" Kiguu alipiga meza. "Kijana, hii si fimbo ya mama. Hii ni miaka ya maisha yako. Na unadhani yeye atalala vizuri wewe ukiwa humu?"

Fundi aliinamisha kichwa. Kiguu alitoka, akampigia mkuu simu akiwa ameshafika barabarani. "Jalada lisiondoke, afande. Lishikilie hata kwa meno."

Alimkuta Dada jikoni kwenye nyumba ya kazi, akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele zimefungwa kwa kitambaa, mashavu yamebonyea. Hakuzima bomba.

"Mdogo wangu yukoje?"

"Yupo. Njoo unionyeshe kitu."

"Nimeshaeleza kila kitu, Inspekta."

"Mimi sina akili ya michezo. Nionyeshe ulivyocheza Alhamisi, basi."

Dada alijifuta mikono, akamfuata, akakaa kwenye kiti cha kujaribia. Bwana Majani alisimama mlangoni, hakuingia. Dada alipanda mbegu, akamwagilia, akageuza taa. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, vya mtu aliyeyafanya haya maelfu ya mara. Chipukizi likajikunja. Akapanda jingine. Likajikunja. La tatu alilishika haraka zaidi, na kipanya kikaanza kugonga meza.

"Imeharibika," alisema. "Maji yameingia hata huku."

"Haijaharibika. Panda moja, uondoe mkono."

"Itakauka."

"Ondoa mkono, Dada."

Akauondoa. Hakujua auweke wapi. Akaupeleka shingoni, akaupeleka mdomoni, mwisho akaushika kwa mkono wa pili. Kiguu alisimama nyuma ya kiti, akiuma kucha. Muziki ulipiga, ukarudia. Chipukizi lilipanda, likaongeza jani. Likapita dirisha, likafuata bomba, na pembeni yake kangaga zikaanza kuota zenyewe. Mara mbili mkono wa Dada ulinyanyuka kwenda kwenye kipanya, na mara mbili aliurudisha.

Kisha katikati ya chombo, penye nafasi, ua jekundu likafunguka. Petali zimepinda, moja kubwa kuliko wenzake.

Dada alilitazama. Aliziba mdomo kwa viganja viwili. "Huyu mtoto," alisema ndani ya viganja. "Huyu mtoto, jamani."

"Aliubadilisha mchezo Alhamisi asubuhi," Kiguu alisema. "Mimea inakua ikiachwa tu. Ule msitu uliokutwa nao..."

"Nilishangaa nilipouona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Nilitegemea nikute umekauka, niseme nimeshindwa jaribio. Nilikuta msitu. Lakini anayezama haulizi kamba imetoka wapi."

"Kwa nini, Dada?" Alikuwa Bwana Majani, mlangoni. Hakuwa amekasirika, alikuwa akilia. "Yale majani yangu yote. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba sehemu ya mwisho sijui naimaliza vipi? Kila mtu ananiuliza imefikia wapi. Wauzaji, nyinyi, Mama, hata muuza duka. Nilishindwa kuimaliza, na nikashindwa kusema nimeshindwa. Nikasema iwe ajali. Chungu kivuje, watu wanipe pole, yaishe. Siku moja tu ambayo hakuna anayeniuliza."

"Na mdogo wako alipokamatwa?" Kiguu aliuliza.

"Kila asubuhi navaa viatu nije kusema. Nikifika mlangoni, navivua."

"Mama yako yuko benchi la kituoni tangu Ijumaa."

"Najua. Napita barabara ya pili nisimwone." Hapo ndipo sauti ilipokatika. "Sikujua Fundi alilikuta kopo. Nilidhani watamwachia tu, maana hakufanya. Wasiofanya si huachiwa?"

Kiguu alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, na hakuna hata moja la kumfariji mtu.

"Vaa viatu," alisema.

Waliingia kituoni wakati Fundi anarudishiwa mkanda wake kaunta. Mama aliinuka. Alimwona mwanawe akitoka, akamwona bintiye akiingia na inspekta, akatazama huku, akatazama kule, na chupa ya chai ikamlalia mkononi.

"Mama," Dada alisema. "Aliyemwaga ni mimi."

Mama hakupiga kelele. Alikaa, akamimina chai, nyingine ikamwagika kwenye leso. Kikombe alikishika muda mrefu. Kisha akamnyooshea binti.

"Kunywa," alisema. "Una baridi."

Dada alikunywa amesimama, kama kawaida yake, meno yakigonga kikombe. Fundi alivua sweta, akamvalisha mabegani. Humo ndani usiku kuna baridi, alimwambia.

"Nani alikuruhusu ugeuze mchezo?" Dada aliuliza.

"Ungekataa, Dada."

"Ningekataa." Machozi yalimfika kidevuni, hakuyafuta. "Na ua lako hadi leo limepinda."

Koplo alimshika mkono, wakaenda. Kiguu alijiegemeza kaunta, akavuta karatasi, akajaribu kuandika, akaacha. Mkuu alitaka maelezo. Wauzaji wa mchezo walikuwa wameshapiga simu wakitaka maelezo. Mwendesha mashtaka naye alitaka. Kwenye benchi, mama na mwana walikuwa wamekaa bega kwa bega, chupa katikati, wakitazama mlango wa mahabusu.

Koplo alirudi anakuna kichwa. "Afande, yule mtuhumiwa amelala."

"Amelala vipi?"

"Nimemfungulia tu, akakaa, akaegemea ukuta, akalala. Hata mlango sijafunga. Anakoroma. Nimwamshe aandike maelezo?"

Mama aligeuka. Fundi akasimama nusu, akakaa tena.

"Mwache," Kiguu alisema. "Asiguswe na mtu."

"Mpaka lini, afande? Mkuu anasubiri."

"Mpaka aamke mwenyewe."

Akavuta kiti cha kaunta, akakiweka karibu na benchi, akakaa.